Simu ya SIP Imegoma: Jinsi ya Kusoma Misimbo ya Majibu

Watu wakiniletea logi ya simu iliyogoma ya SIP, itifaki ya kupiga simu kwa mtandao, mara nyingi wameuzungushia msimbo wa 401, yaani "jithibitishe kwanza", duara jekundu. Huwa nawauliza: baada yake kulikuja nini? Simu inapojisajili, ombi la kwanza la kujisajili, REGISTER, kwa kawaida huenda bila uthibitisho. Seva hujibu 401 pamoja na mfuatano wa herufi wa nasibu. Simu inauchanganya na nywila, inatuma tena, inapata 200, yaani imekubaliwa. Hapo hakuna kosa lolote. Proksi, yaani seva za kati zinazopitisha maombi, nazo hufanya hivyo kwa 407. Wasiwasi uanze pale 401 inapojirudia bila 200 kufuata: kagua jina la mtumiaji na nywila. Ikija 403, seva imekuelewa na imekataa, basi usiendelee kuisumbua kwa ombi lilelile.

Misimbo hii ilipangwa kwenye waraka wa RFC 3261 wa mwaka 2002, na tarakimu ya kwanza ndiyo ya kutazama kabla ya zote. 1 ni kwamba kazi inaendelea, 2 imefaulu, 3 jaribu anwani nyingine, 4 ombi halitekelezeki hapa kama lilivyo, 5 seva yenyewe imeshindwa, na 6 hakuna pengine pa kujaribu. Ndiyo maana 486 na 600, ambazo zote ni za mtu aliye kwenye simu nyingine, hazilingani: kwa 486 proksi bado inaweza kujaribu kifaa chake cha pili, kwa 600 imekwisha.

Kisha tafuta jibu ni la ombi gani. Tazama mfuatano huu (INVITE ni ombi la kupiga simu, 100 ni linashughulikiwa, 180 ni simu inaita, CANCEL ni kufuta ombi, ACK ni kuthibitisha kuwa jibu limefika):

INVITE, 100, 180, CANCEL, 200, 487, ACK

Asiyezoea akiona 200 atasema simu ilipokelewa. Soma mstari wa CSeq, unaotaja jibu ni la ombi gani: hiyo 200 ni ya CANCEL. Mpigaji alikata simu ikiwa bado inaita, na jibu la INVITE yake ni 487, ombi limekatishwa. Hakuna kilichoharibika.

Swali la tatu ni nani aliyeuandika msimbo. 408 hutoka kwa aliyechoka kusubiri, si kwa aliyepigiwa. Kwa vipimo vya kawaida, INVITE isiyojibiwa kabisa huachwa baada ya sekunde 32. Nasa pakiti pande zote mbili. Ikiwa INVITE haikufika ng'ambo, anza na faiawoli na poti 5060 ya SIP. 480 ni tofauti: kuna seva iliyojibu, ila mwenye namba hapatikani kwa sasa, mara nyingi kwa kuwa simu yake haijasajiliwa.

488, yaani mapendekezo ya sauti hayakubaliki hapa, ndiyo naipenda, kwa sababu ushahidi wake uko wazi. Fungua SDP, maelezo ya sauti yaliyo ndani ya INVITE:

m=audio 40000 RTP/AVP 18

18 ni G.729, kodeki mojawapo, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data. Kama upande wa pili unakubali 0 na 8 tu, yaani G.711, hawana kodeki ya pamoja. Ongeza mojawapo kwenye mipangilio.

Sauti ikisikika upande mmoja tu, misimbo haitakusaidia, maana 200 imeshapita. Shuka kwenye mstari wa c= wa SDP hiyohiyo, wenye anwani ya kupokelea sauti. Ukikuta anwani ya mtandao wa ndani, inayoanza na 192.168, na mwenzako yuko nje ya mtandao wako, sauti yake inatumwa kusikofika.