Uso wenye chunusi na madoa: somo langu hatua kwa hatua, bila mkorogo

Wapendwa habari zenu. Wengi mmeniuliza natumia nini usoni mpaka madoa yamepungua hivi, nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwaiyo leo naliweka somo lote hapa, mwenye swali aulize nitamjibu. Niseme mapema tusije tukapotezeana muda, hapa hamna dawa ya kuwa mweupe. Nnachoongelea mimi ni uso wenye afya, usiowasha, usiochomachoma ukitoka juani, ule ambao ukiamka asubuhi ukiushika mkono unapita laini. Rangi uliyozaliwa nayo iache hapohapo ilipo.

Na nina sababu ya kusema hivi. Mi mwenyewe nimepaka mkorogo, yaani krimu ya kuchanganyiwa, ile ya kopo jeupe halina hata lebo, nilinunua duka moja mjini, muuzaji ananiambia wiki mbili tu dada yangu utakuja kuniletea wateja. Na kweli wiki mbili uso ulitakata. Kufika mwezi wa tatu nikisimama karibu na jiko mashavu yanawaka moto, nikisogea kwenye kioo naona vimishipa vyembamba kama uzi wa kushonea, nikiacha kupaka siku mbili vipele vidogovidogo vinajaa kuanzia kidevuni mpaka puani, nikirudia kupaka vinatulia. Daktari wa ngozi aliponiona hakuchukua hata dakika tano, akasema ni steroidi hizo, dawa kali za kutuliza uvimbe. Ilinichukua karibu miezi sita ngozi kurudi kuwa ngozi, kwaiyo mkiniona nakuwa mkali kwenye hili naomba mnielewe.

Hatua ya 1: soma makopo yako

Chukua kila unachopaka usoni uweke mezani, geuza nyuma usome. Ukikuta Hydroquinone, Clobetasol, Betamethasone, Mercury au Calomel (hizi mbili ni zebaki), hicho sio kitu cha kujipakia kila siku, na kama hakijaandikwa chochote ndo kabisa usikiguse. Clobetasol na mwenzake Betamethasone ni steroidi, ni dawa halali za magonjwa kama pumu ya ngozi, ila daktari anakupa kwa muda fulani na kwa sehemu fulani, ukijipaka usoni kila siku ngozi inakuwa nyembamba. Haidrokwinoni ukikaa nayo miaka inaweza kukuachia weusi wa kijivu mashavuni ambao kuutoa ni kazi kuliko hayo madoa uliyokuwa unayatibu. Zebaki ndo mbaya zaidi maana inapita kwenye ngozi inaingia mwilini inaharibu figo, na kama una mimba inamfikia mtoto. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki ni marufuku hapa Tanzania na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango, lakini mkorogo bado unachanganywa kwenye vyumba vya nyuma vya saluni na tunauona, kwaiyo mlinzi wa kwanza wa uso wako ni wewe na macho yako.

Hatua ya 2: kunawa

Asubuhi na usiku, basi. Kunawa mara tano kwa siku kisa uso una mafuta unazidi kuuchokoza. Sabuni ya mche ni ya nguo jamani, ngozi inapenda uchachu kidogo, pH ya 5 hivi, sabuni ile iko kwenye 9 mpaka 10, ndo maana ukimaliza kunawa uso unakaza kama umepakwa ute wa yai. Ule mkazo watu wanadhani ndo usafi. Tafuta feswoshi ya kawaida isiyo na manukato makali, ya bei ndogo inatosha kabisa kwasababu inakaa usoni nusu dakika halafu inaenda na maji.

Sisi wa Dar tunaotumia maji ya kisima kuna jambo moja, yale maji yana chumvi, sabuni haitoi povu na inabaki ganda fulani jembamba usoni hata usuuze vipi. Mi nina kidumu cha lita tano cha maji ya bomba, ni cha kunawia uso tu, nanawa kwa kisima namalizia kwa kikombe kimoja cha kile kidumu. Nilipoanza hivyo ule ukavu wa pembeni ya pua ulipotea wiki hiyohiyo. Nawa kwa vidole, dodoki liache la mgongoni, na taulo ya uso iwe yako peke yako, unakandamiza taratibu husugui.

Hatua ya 3: losheni uso ukiwa bado na unyevu

Usisubiri ukauke. Ngozi ya mafuta nayo inahitaji losheni, chagua nyepesi. Mafuta ya mgando sio adui kama watu wanavyosema, yanafungia unyevu vizuri usiku kwa wenye ngozi kavu hasa mikoa ya baridi kama Njombe na Mbeya, ila Dar mchana utaungua na jasho. Mafuta ya nazi ndo nawaambia wenye chunusi wawe nayo makini, mwilini ni mazuri, usoni kwa wengi yanaziba vinyweleo.

Hatua ya 4: jua

Hapa ndipo wengi tunapofeli na hapa ndipo madoa yanapotoka au yanapobaki. Chunusi ikipoa, ngozi yetu nyeusi inamwaga rangi nyingi pale palipokuwa na kidonda, hilo ndo doa. Lenyewe lingefifia taratibu, sasa wewe kila siku unalipeleka juani, na jua kazi yake ni kuiambia ngozi tengeneza rangi zaidi. Unaweza kununua siramu ya laki moja, bila sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, unajaza maji kwenye pakacha.

SPF ni namba ya kinga iliyoandikwa kwenye sanskrini. SPF 30 inatosha, inazuia kama 97% ya miale ile inayounguza, ya 50 inafika 98% hivi, kwaiyo usiumie kutafuta ya 100. Kipimo ndo muhimu, chora mstari wa krimu kwenye kidole cha shahada na cha kati kuanzia chini mpaka juu, hiyo yote ni ya uso na shingo. Watu wanapaka tone moja halafu wanasema haifanyi kazi. Ukiwa nje juani unarudia kila baada ya masaa mawili, ukiwa ofisini asubuhi inatosha ila ukitoka mchana kula rudia. Mwenye boda, mama ntilie, mwenye genge, kofia pana au mtandio unasaidia sana juu ya hiyo krimu.

Fanya hatua ya 2, 3 na 4 peke yake kwa wiki nne kabla hujaongeza kitu. Kuna watu shida yao inaishia hapo.

Hatua ya 5: dawa, na iwe moja kwa wakati

Kwa chunusi zenye usaha kuna benzoili peroksaidi, anza na ya 2.5%, ya 10% inakausha tu bila faida kubwa zaidi. Angalieni nguo, inatoa rangi, foronya yangu ya kitenge cha bluu ina alama mbili nyeupe pale shavu linapolalia. Kwa vile vipele vidogo visivyo na kichwa na weusi wa puani kuna salisiliki asidi ya 2%. Adapalini ya 0.1% ni nzuri kwa vyote viwili, unapaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, anza siku mbili kwa wiki maana mwanzoni inabanduabandua. Kwa madoa mi nilitumia azelaiki asidi, inawashawasha siku za mwanzo halafu unazoea.

Kila unachoanza jaribu kwanza nyuma ya taya karibu na sikio, subiri siku mbili. Na upe muda, chunusi inataka wiki 8 mpaka 12, madoa yanaweza kufika miezi sita. Anayekuahidi siku saba mkimbie. Na wale wanaofungua kapsuli ya rangi mbili (antibayotiki) na kumwagia kwenye chunusi, acheni, ule ni mchezo wa kufundisha vijidudu kuizoea dawa.

Vya jikoni je

Vipo vinavyosaidia na vipo vinavyounguza. Limao naliweka la kwanza kwenye hatari, ni kali sana, na ukipaka ukatoka juani juisi yake inaweza kuunguza mpaka malengelenge na doa jeusi la miezi. Magadi soda, dawa ya meno, skrabu ya sukari, vyote visiguse uso wenye chunusi.

Aloevera ni nzuri kwa kutuliza ila kuna namna yake. Ukikata jani lisimamishe kwenye glasi robo saa, itashuka maji ya njano, hayo ndo yanayowasha, yamwage, osha jani, halafu menya uchukue ile nyama nyeupe ya kuteleza. Asali mbichi dakika 15 uso uliolowa, sawa. Oti zilizosagwa na maji kwa uso unaowasha, sawa kabisa. Manjano haina ubaya kwa wengi ila hakuna doa nililoliona limetoka kwa manjano peke yake, utabaki na foronya ya njano.

Tabia ndogondogo: badili foronya kila wiki, futa simu, mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso maana vile vipele vya pale juu vingi ni mafuta ya kusukia, osha sponji ya poda, na usitumbue. Chunusi uliyoiacha inakaa siku chache, uliyoitumbua inakuachia doa la nusu mwaka.

MASWALI YENU

Swali: Dada nimetumia mkorogo miaka sita sasa nataka kuacha, nikiacha hata siku tatu uso unavimba na kuwaka, nifanyeje?

Jibu: Mpenzi pole, hilo ndo lililonikuta. Usiache ghafla peke yako nyumbani, kwasababu mwili ukizoea steroidi muda mrefu na kwa eneo kubwa kuacha kunaweza kukuletea shida zaidi ya uso. Nenda kliniki ya ngozi, hospitali nyingi za rufaa wanayo, na ubebe hilo kopo, usione aibu, wanayaona kila siku. Watakupunguzia taratibu. Wakati huo maji, losheni isiyo na harufu na sanskrini tu, vingine vyote kando. Itakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, usirudi nyuma.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano, mashavu yote yamekuwa na baka la kahawia, naweza kutumia adapalini?

Jibu: Hapana mama, adapalini na ndugu zake wote wa retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) acha mpaka baada, tena vidonge vya chunusi vya isotretinoini ndo hatari kabisa kwa mtoto tumboni. Baka hilo linaletwa na homoni za ujauzito na jua. Sanskrini kila siku na kofia. Azelaiki asidi huwa inaruhusiwa ila mwambie mkunga wako kwanza. Wengi linafifia lenyewe baada ya kujifungua.

Swali: Mi ni mwanaume, nikinyoa tu shingo inajaa vipele vigumu, kinyozi ananipaka spiriti nalia machozi.

Jibu: Kaka yangu hizo nyingi sio chunusi, ni ndevu zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi, nywele zetu za kipilipili ndo zilivyo. Usinyoe mpaka chini kabisa, mwambie aache kama milimita moja, wembe uweke pembeni mwezi mzima. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu kabla. Spiriti kwenye ngozi iliyotoka kukwanguliwa inakuchokoza tu, ile ifutie mashine. Ukiwa na mashine yako mwenyewe ukaenda nayo saluni ni bora zaidi.

Swali: Sanskrini inanifanya nionekane nimepakwa unga, na mi ni mweusi tii, kweli naihitaji?

Jibu: Weusi wako unakukinga kiasi na saratani ya ngozi, ila madoa hauyazuii. Ule unga unatokana na zinki au titani, tafuta ya jeli isiyo na hivyo vitu, inapotea kabisa.

Swali: Mimi ni mama wa mtoto mwenye ualbino, niko Mwanza, hayo ya SPF yanamhusu?

Jibu: Yanamhusu kuliko sisi wote mama yangu, kwake sanskrini ni kinga ya saratani. Asubuhi kabla ya shule na mchana tena, uso, masikio, shingo ya nyuma na mikono, nguo za mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Pale hospitali ya KCMC Moshi kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi wanatengeneza sanskrini inaitwa Kilisun kwa ajili yao, iliyotengenezwa kwa kufikiria hali ya hewa yetu. Ulizia kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa hapo kwenu au chama cha watu wenye ualbino wakuelekeze anapata wapi. Kidonda chochote kisichopona wiki mbili tatu kipelekwe hospitali usingoje.

Swali: Niko Mombasa, nyanya yetu alitulea na liwa na maji ya waridi, nayo ni mbaya?

Jibu: Wala si mbaya, Unguja na Pemba bi harusi hawatoki bila singo (mchanganyiko wa kusugulia mwili) na liwa. Liwa ile ya kusugua kwenye jiwe na maji ya waridi inapoza ngozi vizuri, shida ni unga wa pakiti wa siku hizi, haujulikani umechanganywa na nini. Kama una kipande cha mti wenyewe sugua upake dakika kumi, osha, halafu losheni. Ikiwasha acha. Na jiwe la nyanya lioshe likauke kabla ya kulirudisha kabatini maana likibaki na unyevu linashika ukungu.