Kunywa Pombe Ukiwa na Ugonjwa wa Mizani ya Sikio: Hatua kwa Hatua

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kuwafundisha upya kusimama, kugeuka na kutembea watu ambao sikio lao la ndani limeharibika. Swali la pombe halikosekani, na mara nyingi huulizwa mlangoni, mgonjwa akishaaga. Wengi wameshaambiwa "acha" bila maelezo, wakaenda kunywa kwa kificho na bila mpango wowote. Hilo linaniumiza, maana anayekunywa kwa kificho hana wa kumshika akianguka.

Kutokunywa kabisa ndiyo njia salama kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye ameshaamua kunywa mara mojamoja na anataka asijiumize. Kama una mimba, una ugonjwa wa ini, au pombe imewahi kukutawala, mwongozo huu haukuhusu. Na kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako, kwa sababu mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuingia kwenye degedege. Mwone daktari akusimamie.

Pombe inafanya nini sikioni

Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Katika kila mfereji kuna kiutando laini kama jeli ambacho kwa kawaida kina uzito uleule wa majimaji yanayokizunguka. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa kidogo, kiutando kinapinda, na ubongo unapata habari kwamba umegeuka. Kwa kuwa uzito umelingana, kulala tu hakukipindi.

Pombe ni nyepesi kuliko maji. Mililita moja ina gramu 0.79. Kiutando kiko jirani na mishipa midogo ya damu, kwa hiyo kinapata pombe kabla ya majimaji. Kinakuwa chepesi, kinaelea, na ukilala kwa ubavu kinapinda ingawa hujasogea. Chumba kinazunguka. Awamu hii huanza kama nusu saa baada ya kunywa na huchukua muda wa saa 3 hadi 4. Baadaye pombe inaenea kwenye majimaji pia, uzito unalingana tena, na unapata utulivu wa muda. Unadhani yamekwisha. Kisha pombe inaanza kuondoka, na inatoka kwenye kiutando kwanza. Sasa kiutando ndicho kizito, kinazama, na kizunguzungu kinarudi kwa kuelekea upande wa pili. Awamu hii ya pili huanza kati ya saa 5 na 10 tangu ulipokunywa, na inaweza kuendelea kwa saa kadhaa hata baada ya damu kubaki bila pombe.

Kwa hiyo pombe hulipitia sikio mara mbili, ikiingia na ikitoka. Watu hujihadhari na ile ya kwanza, wakiwa wamekaa mezani na wenzao. Wagonjwa wangu wanaoanguka huanguka katika ile ya pili, usiku wa manane, wakielekea msalani gizani.

Kuna jambo jingine. Sikio likishaharibika, ubongo hujifunza kufidia, na kazi kubwa hufanywa na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Huo nao hulegezwa na pombe. Ndiyo maana mtu aliyekaa miezi akiwa nafuu anaweza kunywa kidogo tu na dalili za zamani zikamrudia palepale.

Hatua ya 1: Jua jina la ugonjwa wako

"Nina kizunguzungu" haitoshi, kwa kuwa ushauri hutofautiana.

Ugonjwa wa Ménière umepewa jina la Prosper Ménière, daktari wa Paris ambaye mwaka 1861 alionyesha kwamba kizunguzungu kinaweza kutoka sikioni. Majimaji ya sikio la ndani huzidi. Mgonjwa hupata kizunguzungu cha dakika 20 hadi saa 12, mlio sikioni, sikio kujaa, na usikivu unaopanda na kushuka. Pombe huzima homoni inayozuia maji yasitoke mwilini, ndiyo sababu mnywaji hukojoa sana, na madaktari wengi huwaonya wagonjwa hawa wapunguze pombe. Niseme ukweli: onyo hilo linatokana na uzoefu wa kazi, halijathibitishwa kwa majaribio mazuri ya kitabibu. Kwa hiyo unachokiona mwilini mwako kina uzito mkubwa.

Kipandauso cha mizani, yaani kipandauso kinacholeta kizunguzungu, ni habari nyingine. Kwa wengi pombe ni kichochezi kinachojulikana, na mvinyo mwekundu ndio hulalamikiwa zaidi. Kama tatizo lako ni chembe zilizohama ndani ya sikio, yaani kile kizunguzungu cha sekunde chache ukijigeuza kitandani, tibiwa kwanza. Hutibika kwa kupitishwa kwenye mikao maalumu, na hakuna sababu ya kuchanganya mambo mawili.

Kama masikio yote mawili hayafanyi kazi ya mizani, ushauri wangu ni usinywe hata kidogo. Umebakiwa na macho na hisia za nyayo tu, na pombe inapunguza nguvu ya vyote viwili. Na mtu wa namna hiyo asiingie kwenye maji ya kina akiwa amekunywa: akizama hatajua juu ni wapi.

Hatua ya 2: Soma dawa zako

Diazepamu, dawa ya kutuliza, na pombe havikai pamoja, maana vyote hupunguza nguvu ya kupumua. Dawa za kizunguzungu na kichefuchefu kama prometazini, sinarizini na prokloperazini huleta usingizi ambao pombe huuzidisha. Dawa za kukojoza zikichanganyika na pombe hukausha mwili na kushusha shinikizo la damu unaposimama. Mpelekee mfamasia orodha yako yote, na usiruke dozi ili upate nafasi ya kunywa.

Hatua ya 3: Jipime ukiwa huna pombe

Simama kwenye kona ya chumba, mgongo ukielekea kona lakini bila kugusa ukuta, na mtu akiwa karibu. Kutanisha miguu, kunja mikono kifuani, fumba macho, hesabu hadi 30. Sikiliza nyayo zako zinavyofanya kazi: uzito unahama kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, kushoto, kulia. Hicho ndicho kipimo chako. Kama siku hiyo huwezi kufika 30 bila kuyumba na kutafuta ukuta, ahirisha. Ahirisha pia kama sikio limejaa, mlio umebadilika, hukulala vizuri, au umepata shambulio siku za karibuni.

Hatua ya 4: Hesabu gramu, usihesabu glasi

Zidisha mililita kwa asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina gramu 13. Pombe kali mililita 40 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 13 pia. Mvinyo ndio huwadanganya watu. Mimina maji kwenye glasi yako hadi pale unapoishia siku zote, kisha uyahamishie kwenye kikombe cha kupimia. Ukikuta mililita 250 na mvinyo ni wa asilimia 13, basi "glasi moja" yako ina takriban gramu 26, sawa na bia mbili.

Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa wala kuoga maji baridi haviongezi kasi.

Hatua ya 5: Panga saa na mtu wa kukaa naye

Kwa jaribio la kwanza chagua mchana, pamoja na mlo, nyumbani. Ukinywa saa 2 usiku, awamu ya pili itakukuta kuanzia saa 7 usiku, taa zimezimwa na kila mtu amelala. Ukinywa saa 7 mchana, itakukuta jioni ukiwa macho, na watu wapo.

Mtu huyo mweleze jambo hili kwa uzito: sura iliyopinda upande mmoja, mkono au mguu uliolegea, kuona vitu viwiliviwili, maneno kukwama, au kushindwa kabisa kusimama kunaweza kuwa kiharusi. Glasi ikiwa mezani, wote watasema "kalewa" na muda wa matibabu utapita. Anayejua umekunywa gramu 13 tu hatadanganyika, atakupeleka hospitali mara moja. Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla na usirudi, nayo ni dharura.

Hatua ya 6: Kunywa

Kinywaji kimoja kilichopimwa, taratibu, tumboni kukiwa na chakula, maji pembeni. Epuka vitafunwa vyenye chumvi nyingi: ukipata shambulio hutajua kama ni pombe au chumvi iliyokuponza, na wagonjwa wa Ménière huagizwa mara nyingi wasizidishe miligramu 1,500 hadi 2,000 za sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwa siku. Usiendeshe chombo chochote wala kupanda ngazi ya kuegemeza.

Hatua ya 7: Kitandani

Chumba kikianza kuzunguka, usifumbe macho. Acha taa hafifu ikiwaka na ukazie macho kitu kimoja kisichosogea, kwa sababu macho yaliyotulia husaidia kutuliza kizunguzungu. Lala chali, kichwa kimenyooka na kimeinuliwa kwa mito, mguu mmoja ukigusa sakafu. Lakini kama unasikia kichefuchefu au umezidiwa na usingizi, lala kwa ubavu hata kama kizunguzungu kitaongezeka. Kupaliwa na matapishi kunaua.

Ukiamka kwenda msalani, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini, hesabu hadi 60. Washa taa. Tembea ukigusa ukuta. Wanaume, ketini kukojoa.

Hatua ya 8: Asubuhi

Usizimue. Kinywaji cha asubuhi hukirudishia kiutando wepesi wake kwa muda, unapata nafuu, kisha awamu ya pili inaanza upya. Kunywa maji, kula, tembea polepole mahali penye mwanga. Rudia kipimo cha kona. Mpaka ufikie hesabu ya siku ya kawaida, hakuna kuendesha. Kama umepewa mazoezi ya kugeuzageuza kichwa, yaache hadi kesho yake.

Hatua ya 9: Andika, kisha amua

Andika saa uliyokunywa, gramu, ulichokula, ulivyolala, na kila dalili kwa siku mbili zinazofuata. Fanya hivyo pia kwa siku ambazo hukunywa, kwa sababu Ménière huja na kuondoka yenyewe, na shambulio moja baada ya bia halithibitishi kitu. Subiri angalau wiki kabla ya kurudia, kwa kinywaji kilekile na kiasi kilekile. Dalili zikijirudia kwa saa zilezile, umepata jibu lako, nami nitakuomba uache. Zisipojirudia, baki kwenye kiasi hicho hicho. Kutoumizwa na gramu 13 hakusemi lolote kuhusu gramu 40.

Daftari hilo mpelekee daktari wako. Na ukipangiwa vipimo vya mizani, usiguse pombe kwa saa 48 kabla, kwa sababu macho yatachezacheza kwa ajili ya pombe na majibu yatasomwa vibaya.