Maua ya arusi Lubumbashi: tazama mwezi kwanza, picha baadaye

Jambo yenu wote. Mabibi arusi wengi wanaonijia huanza kwa kunionyesha simu: shada la hortensia za buluu, meza imefunikwa waridi za rangi ya maziwa. Kisha wanauliza, "Yaya (yaani dada mkubwa), utanifanyia hivi?" Swali langu huwa moja: arusi ni mwezi gani? Picha nyingi za namna hiyo zimepigwa Ulaya mwezi wa sita, kukiwa joto na bustani zimejaa. Kwetu mwezi huo huo watoto wanaenda shule wamevaa sweta. Ua halifuati simu, linafuata hewa na maji ya mahali lilipo.

Hatua ya kwanza: jua majira ya arusi yako

Lubumbashi iko mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, kusini mwa ikweta. Kwa ajili hiyo tuna baridi ya kweli na joto la kweli, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua shada lako.

Kuanzia Mei mpaka Agosti ni kipwa, yaani majira ya ukavu na baridi, na Juni na Julai usiku hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Huu ndio wakati wa arusi nyingi, maana mvua haitavuruga mahema na vikapu vya chakula. Kwa waridi ni wakati mzuri kuliko yote. Baridi huzifanya zifunguke polepole, petali zinakuwa nene, rangi inakolea, na ukizikata leo bado zina sura kesho kutwa. Arumu nyeupe nazo huanza kutoka kwenye mabonde yenye maji, na shada la arumu saba tu, vikonyo virefu vimefungwa kwa utepe, linatosha kabisa kwa bibi arusi. Sijaona ua linalopendeza hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Angalieni tu utomvu wake: unawasha ngozi na mdomo, kwa hiyo usiwape watoto wanaobeba maua.

Krisantemu pia ni mtoto wa kipwa. Mche wake huhesabu urefu wa usiku, na usiku ukirefuka ndipo unapofunga matumba. Kwetu usiku mrefu kuliko yote ni wa karibu tarehe 21 Juni, ndiyo maana bustani hujaa krisantemu wakati huo. Shida ya kipwa ni moja, maji. Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, muulize muuza maua: una kisima? Unamwagilia mara ngapi kwa juma? Akibabaika, tafuta mwingine.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi migumu. Joto limepanda, mvua haijafika, vumbi jekundu liko kila mahali, na majivu ya nyasi zilizochomwa porini yanaanguka mpaka juu ya kitambaa cha meza. Wengi hudanganywa na jakaranda, kwa sababu mji wote unageuka zambarau. Jakaranda ni ya kupigia picha chini yake. Ukikata tawi, maua yanadondoka kabla hujafika nyumbani. Frangipani nayo inanukia vizuri ajabu, lakini haina kikonyo cha kushikia, na utomvu wake mweupe unaacha doa kwenye gauni. Iweke ikielea kwenye bakuli la maji juu ya meza, hapo haina mpinzani.

Kwa miezi hiyo miwili mimi hutegemea maua magumu: karnesheni, strelitzia, gipsofila. Na majani ya miombo! Kabla ya mvua miombo hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba, na sisi wa Lubumbashi ni watu wa migodi ya shaba, sijui kwa nini hatuyatumii zaidi. Kata matawi ambayo majani yake yameanza kukomaa, kwani yaliyo laini sana hunyauka upesi, kisha yasimamishe majini usiku kucha. Ukumbi uliopambwa hivyo hauna haja ya maua mengi.

Novemba mpaka Aprili ni masika. Maua ni mengi na bei inashuka: zinia, dalia, gladiola, alizeti, na agapantu za buluu kwa yule aliyeota hortensia. Adui ni unyevu. Petali nyeupe zikilowa na kukaa zimebanana, ukungu unaacha madoa ya kahawia. Mvua yetu hupenda kuja alasiri, basi kata asubuhi umande ukishakauka, na usipange waridi nyeupe kama ndilo ua lako kuu la Januari. Chukua rangi ya chungwa, nyekundu, waridi iliyokolea. Doa halionekani, na picha zinang'aa hata mawingu yakitanda.

Hatua ya pili: hesabu kurudi nyuma

Ukiwa na uwanja nyumbani kwa wazazi, unaweza kujilimia. Zinia huchukua siku 60 hadi 70 toka mbegu mpaka ua. Gladiola ni siku 70 hadi 90 toka kupanda kiazi chake. Waridi ukizikata matawi vizuri hurudi na maua baada ya majuma sita hadi manane. Wakati wa baridi ongeza majuma mawili. Usipande vyote siku moja. Gawa mara tatu, ukiacha juma moja katikati, ili hewa ikibadilika angalau fungu moja likute tarehe yako.

Hatua ya tatu: hesabu saa, si meza

Arusi yetu inatembea. Asubuhi komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, baadaye kanisani, halafu picha, halafu ukumbi mpaka usiku. Shada la mkononi linakaa nje ya maji kwa saa kumi au zaidi, juani, ndani ya gari, kwenye mikono yenye jasho. Kwa hiyo ua la shada lazima liwe gumu kuliko la mezani. Waridi iliyofunguka nusu, karnesheni, arumu: ndiyo. Dalia na hortensia: ziache mezani, majini. Ua la hibiscus huishi siku moja tu, usiliweke popote.

Rangi? Chagua mbili, basi.

Hatua ya nne: kukata na kunywesha

Kata asubuhi mapema au jioni, kamwe si saa sita mchana. Uwe na ndoo ya maji hapo hapo bustanini. Toa majani yote yatakayozama, kata tena ncha ya kikonyo kwa mshazari, sentimita mbili au tatu, kwa kisu kikali. Katika kila lita ya maji tia kijiko kidogo cha sukari na matone machache ya jave, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe: sukari ni chakula, jave inazuia uozo unaoziba kikonyo. Yapumzishe mahali penye giza na ubaridi saa sita angalau, usiku mzima ni bora. Gladiola zisimame wima. Ukizilaza, ncha zake hupinda kuelekea juu na hazinyooki tena. Yungiyungi litolewe vile vijiti vyenye unga wa rangi ya chungwa kabla halijamkaribia bibi arusi.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu, kutoka mitaa ya Lubumbashi

Kutoka Katuba: Yaya, arusi yangu ni Juni na nilipenda krisantemu. Mama mkwe amekataa, anasema ni maua ya makaburi. Nimweleze vipi?

Usimweleze, mdogo wangu. Ubelgiji na Ufaransa watu hupeleka krisantemu makaburini tarehe 1 Novemba, na mazoea hayo yalifika kwetu pia. Japani ua hilo hilo ni alama ya mfalme wao, lakini hiyo haitamfariji mama kanisani. Chukua waridi na arumu. Juni haikunyimi kitu.

Kutoka Kampemba: Nikiagiza maua Zambia yapitie mpaka wa Kasumbalesa, yatafika salama?

Waridi zinaweza. Karibu na Lusaka kuna mashamba yanayozilima, na waridi iliyofungwa ikiwa tumba huvumilia safari. Zifungwe kwa karatasi, gari liwe la ubaridi, na zifike siku mbili kabla. Hortensia sitaki kusikia tena. Oktoba moja bibi arusi wangu alitaka hizo tu. Aliyezileta alizipakia kwenye gari la kawaida, likasimama foleni mpakani tangu asubuhi mpaka jioni. Zilifika vichwa vimelala. Tulizizamisha vichwa kwa miguu ndani ya mapipa usiku kucha, maana hortensia hunywa maji hata kwa petali, na nusu zilifufuka. Nusu nyingine tulizitupa. Alfajiri shangazi zake walizunguka nyumba za majirani wakiomba frangipani na bugenvilia, na hakuna aliyewakatalia. Yule binti alilia, na mimi nililia naye. Tangu siku hiyo, Oktoba sichukui kazi ya hortensia, hata mtu alipe nini.

Kutoka Kenya (mtaa wetu, si nchi): Arusi Februari, pesa ni kidogo sana. Nianzie wapi?

Mwanzoni mwa Desemba panda zinia mara tatu kama nilivyosema, tena ombeni agapantu kwa majirani. Nunua waridi kumi na mbili tu za shada lako.

Kutoka Ruashi, Papa wa bibi arusi: Mama, karnesheni tuliziweka jikoni usiku, ndani ya maji. Asubuhi zilikuwa zimejifunga kama zimelala. Kosa letu ni nini?

Papa, jikoni kulikuwa na ndizi za sherehe? Matunda yanayoiva hutoa gesi inayoitwa ethileni, na karnesheni ikiivuta petali zake hujikunja na hazifunguki tena. Maji hayakuwa na kosa. Wakati mwingine maua yalale chumba kingine, mbali na ndizi, maembe na maparachichi.

Kutoka Annexe: Julai waridi zangu zilibaki matumba mpaka ibada ikaisha. Baridi?

Ndiyo, baridi. Julai zikate siku mbili kabla, si moja. Jioni ya mwisho kata tena ncha, zisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya chumba ambamo watu wanalala. Zikifunguka nusu, zirudishe kwenye ubaridi.