Jinsi ya kucheza poka ya pesa Uingereza bila kuingia matatani na sheria

Wadau mlioko huku UK, nawaandikia hii maana kuna wanaodhani poka ya pesa imekatazwa kabisa, na kuna wanaodhani ni ruksa popote, wote wanakosea. Sheria inaitwa Gambling Act ya 2005, imeanza kufanya kazi Septemba 2007, msimamizi ni Gambling Commission, na inahusu England, Wales na Scotland, Ireland ya Kaskazini wana ya kwao. Kitu cha kwanza cha kujiuliza ni nani anakula pale mezani zaidi ya wachezaji.

Nyumbani kwako chezeni, leseni haihitajiki na kiwango mnapanga wenyewe. Ila mwenye nyumba asichukue hata senti, sio kiingilio, sio kukata kidogo kwa kila mshindi. Niliwahi kwenda nyumba moja, juu ya friji pana kopo la biskuti limeandikwa "umeme", kila anayebeba hela anatumbukiza pauni mbili, wanasema ni hiari, lakini jamaa mmoja alipopitiliza meza nzima ikamkodolea macho mpaka akarudi kuweka. Hiyo sio hiari, hiyo ni ada, na hapo mshatoka kwenye mchezo wa nyumbani mmeingia kwenye biashara isiyo na leseni. Kopo hilo litoeni kabisa, tafadhali.

Baa nayo ina ruhusa yake lakini imebanwa sana. Mchezaji hazidishi pauni 5 kwa mchezo, na kama ni mashindano ile ya kununua chipsi (vile vidude vya kuwekea dau badala ya hela) upya ukiishiwa inahesabiwa humohumo, zawadi isizidi pauni 100, na jumla ya dau la baa nzima kwa siku ni pauni 100. Piga hesabu: watu 20 wakiweka tano tano mmemaliza, wa 21 akifika mwambieni leo anaangalia tu. Hakuna kiingilio na wa chini ya miaka 18 hachezi. Klabu za wanachama wana nafasi zaidi, pauni 10 kwa mtu, 250 kwa siku, 1,000 kwa wiki.

Mkitaka usiku wa poka wa kuchangia shirika la hisani, jumla anayotoa mtu, kiingilio na dau pamoja, isizidi pauni 8, zawadi zote zisizidi 600, na watu waambiwe mapema hela inaenda wapi. Zaidi ya hapo mnaongelea kasino, na kasino inataka leseni ya uendeshaji ya Commission pamoja na leseni ya jengo kutoka halmashauri, hata anayegawa karata anakuwa na leseni yake binafsi.

Mtandaoni ndo watu wanaumia. Tangu Novemba 2014 kampuni yoyote inayohudumia mteja aliyeko huku lazima iwe na leseni ya huku hata kama ofisi iko kisiwani huko mbali. Shuka chini kabisa ya tovuti, chukua namba ya leseni, itafute kwenye rejista ya Commission, usiridhike na nembo maana nembo mtu yeyote anaweza kuibandika. Wakikukubalia kadi ya mkopo kimbia, ilipigwa marufuku Aprili 2020.

Na ukiona mchezo umeanza kukuzidi jiandikishe GAMSTOP, huduma ya kujifungia mwenyewe kamari ya mtandaoni, ni bure, unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, tovuti zote zenye leseni zinakufungia, na hata muda ukiisha haufunguliwi mpaka uombe mwenyewe.