Paa linaloelea la tangi la petroli: anza na mvua

Paa linaloelea hukaa juu ya petroli yenyewe, likipanda na kushuka nayo ndani ya tangi. Wengi wakilichora huanza na unene wa bamba. Mimi huanza na mvua, maana ndiyo inayolizamisha. Tuchukue tangi la kipenyo cha mita 30. Paa lina deki moja katikati, na pembeni imezungukwa na pontuni, yaani pete ya vyumba vitupu vilivyozibwa.

Hatua ya 1: uzito wa chuma. Ukiacha milimita 200 za sili (ukanda unaoziba mwanya kati ya paa na ukuta) kila upande, paa linabaki mita 29.6. Toa pontuni ya upana wa mita 2, deki inabaki na mita za mraba kama 515. Bamba la milimita 5, jembamba kuliko yote yanayoruhusiwa na API 650 (kiwango cha Marekani cha matangi ya mafuta), lina kilo 39 kwa mita ya mraba: deki peke yake tani 20. Pamoja na pontuni, miguu ya kusimamia paa tangi likiwa tupu, ngazi na sili, weka tani 50.

Hatua ya 2: mvua. Kiwango hicho kinataka paa liendelee kuelea likiwa na milimita 250 za mvua ya saa 24, bomba la kutolea maji hayo likiwa limeziba. Kwa eneo la tangi zima hizo ni tani 177 za maji juu ya chuma cha tani 50! Usidhani ni mambo ya vitabuni. Masika moja nilipanda tangi la depo fulani nikakuta deki imekuwa bwawa, na kwenye mdomo wa bomba mfuko wa saruji uliosahauliwa na mafundi. Deki ikibonyea hivyo huvuta ukingo wa ndani wa pontuni kuelekea katikati, kwa hiyo ukingo huo usiufanyie ubahili wa chuma.

Hatua ya 3: matundu. Sasa mvua iache. Chukulia vyumba viwili vinavyopakana vimetoboka, na deki nayo imetoboka. Kwa petroli tumia uzito mahususi wa 0.7, yaani tani 0.7 kwa mita ya ujazo. Ili zielee, tani 50 zinahitaji kusukuma mita za ujazo 71 za petroli. Chuma cha deki chenyewe kinasukuma karibu 2.6, zinabaki kama 69. Pontuni ina mita za mraba 173. Ukiigawa vyumba 16 na kupoteza 2, unabaki na 152, hivyo itazama sentimita 45. Huo ni wastani. Upande uliotoboka utainama zaidi, nao una hesabu yake. Ukingo ukibakiza kimo kidogo juu ya petroli, panua pontuni kabla ya kuiongezea kimo.

Hatua ya 4: bomba la maji. Linapita ndani ya petroli, likijikunja paa linaposhuka. Mdomoni weka vali isiyorudisha, yaani inayoruhusu maji kushuka tu, la sivyo bomba likivuja petroli itapanda juu ya deki. Inchi 3 zinaruhusiwa kwa tangi hili. Mimi huweka 4.

Hatua ya 5: miguu iwe na vimo viwili, cha kazi na cha matengenezo ili mtu apite chini. Vali ya kupitisha hewa chini ya paa ifunguke kabla miguu haijagusa sakafu. Kwa ajili ya radi, unganisha paa na ukuta kwa vipande vya chuma cha pua, nafasi kati ya kipande na kipande isizidi mita 3.

Hatua ya 6: kupima. Paka chaki upande mmoja wa weldi, mafuta ya taa upande wa pili, kisha subiri. Doa jeusi likijitokeza kwenye weupe, weldi hiyo inakatwa na kuchomelewa upya.