Tangi jipya la petroli kwa gari la zamani: rangi isiyobanduka kwenye hewa ya chumvi

Tangi jipya la Land Rover Series au VW Beetle likitolewa kwenye boksi huwa linang'aa, na mng'ao huo ndio unaoponza watu. Wanalifunga siku hiyohiyo, au wanalipulizia rangi nyeusi ya kopo jioni na kulifunga asubuhi. La Land Rover linakaa chini ya kiti, tumbo wazi kwa barabara. La Beetle liko mbele, na chini yake hurushiwa maji na mchanga wa magurudumu. Hapa Mombasa, gari la kuvuka kwa feri ya Likoni kila siku, au la kulala Nyali karibu na ufuo, halimalizi masika mawili kabla kutu haijaingia kwenye mshono wa ubavuni na chini ya vibanio vinavyolishika, yaani pale pale usipopaona.

Vya kununua: praima ya epoksi ya makopo mawili, yaani rangi na hadena yake ya kuigandisha (nusu lita ikishachanganywa inatosha tangi la lita 45), rangi ya juu ya poliurethani ya makopo mawili, thina ya kampuni ileile ya rangi, sponji ngumu ya kusugulia, sabuni ya vyombo, vitambaa vyeupe, raba ya kustahimili petroli ya milimita 3, na waya wa milimita 1.5 wenye vichwa vya duara. Kopo la kupulizia liache dukani. Rangi yake nyingi huyeyuka ukimwaga petroli kidogo wakati wa kujaza.

Hatua ya 1: pima uvujaji kabla ya chochote

Ziba matundu yote isipokuwa moja, paka povu la sabuni kwenye mishono, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira. Usilete kompresa. Tangi ni bati jembamba, na upepo wa kompresa utalivimbisha kabla hujawahi kufunga koki. Pumzi ya mtu inatosha kuonyesha kitundu. Kikionekana, rudisha tangi lingali bila rangi na bila petroli. Tangi lililokwisha kuingia petroli, hata lioshwe mara mia, lisisogezwe karibu na moto wa kulehemu.

Hatua ya 2: ziba, usipake ndani

Ziba mdomo, tundu la geji (kipimo cha mafuta), bomba la kutolea petroli na hasa kale kabomba ka kupumulia. Watu hupenda kumimina rangi ya kufunika ndani ya tangi. Kwa tangi jipya ni hasara: ikibanduka inaziba filta. Ndani suuza na lita moja ya petroli mwisho wa kazi, basi.

Hatua ya 3: kusafisha (hapa ndipo kazi yote ilipo)

Rangi ya tangi hufa kutoka chini, na wauaji ni watatu.

Wa kwanza ni mafuta ya kiwandani. Futa kwa thina ukitumia vitambaa viwili: kimoja kibichi cha kulainisha, kingine kikavu cha kuokota kabla thina haijakauka. Ukitumia kimoja tu unasambaza mafuta, huyaondoi. Badilisha kitambaa mara kinapochafuka. Mishono ndiyo huficha zaidi, kwa hiyo pitisha brashi ya meno iliyochovywa thina, rudia mara tatu.

Wa pili ni zinki yenyewe. Tangi likiwa na rangi ya kijivu iliyofifia au mfano wa maua kwenye bati, limepakwa zinki. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na madirisha, haishiki zinki: viungo vyake vinageuka sabuni vikigusana nayo, na baada ya miezi inatoka vipande vizima kama ganda la kitunguu. Wala hutengenezi jambo kwa kusaga hadi chuma kionekane, maana utakuwa umeondoa kinga uliyoilipia. Kwaruza kwa sponji tu mpaka mng'ao ufe. Ukiona unga mweupe, ambao huja tangi likikaa boksini penye unyevu, sugua kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza papo hapo. Tangi la chuma kitupu ni habari nyingine: hilo lipige msasa namba 180 kote na ulipake praima siku hiyohiyo. Kwa hapa Mombasa, chuma kitupu kikilala usiku mmoja asubuhi kimeshapiga wekundu.

Wa tatu ni chumvi, na huyu ndiye anayewashinda mafundi wazuri. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Unaosha tangi, unalikausha, linaonekana safi, kumbe umelipaka chumvi kote. Ukifunika na rangi, chumvi ile inavuta unyevu kupita kwenye koti, na baada ya muda yanatokea malengelenge madogo. Ukilipasua moja, ndani mna maji. Dondosha matone matatu ya maji yako kwenye kipande cha kioo na uyaache yakauke juani. Yakiacha duara jeupe, usiyatumie kwa suuzo la mwisho. Tumia maji ya mvua, au nunua chupa mbili za maji ya kunywa. Hata jasho la mkono ni chumvi, kwa hiyo baada ya suuzo shika kwa glavu.

Sasa mtihani wa mwisho. Mwagia maji masafi juu ya tangi na uyatazame. Yakitanda kama kioo bila kukatika, ni safi. Yakijikusanya vitone kama kwenye jani la mgomba, mafuta bado yapo; rudi kwenye vitambaa viwili.

Hatua ya 4: rangi

Anza saa nne na nusu asubuhi, umande ukishaondoka, na umalize kabla ya saa tisa. Siku ya mvua acha. Changanya epoksi kwa kipimo cha kopo, si kwa jicho, uiache ipumzike muda ulioandikwa, na uchanganye kidogo kidogo kwani kwa joto hili hugeuka jiwe kwenye kikombe. Brashi itangulie kwenye mishono na kingo zote, kwa sababu rangi hukimbia kingo. Kisha koti mbili kote. Koti ya kwanza ikikauka na kuwa na utelezi kama nta, huo umetokana na unyevu: osha kwa maji masafi na sabuni, suuza, kausha, ndipo uendelee.

Rangi ya juu ni bora ipigwe kwa brashi au rola. Hadena yake ina sumu ya mapafu, na ikipulizwa inahitaji barakoa ya kuletewa hewa, si kitambaa. Tangi halishindani urembo na boneti.

Tumbo la tangi liongezee koti ya kuzuia mawe ile ya raba. Lami usipake: petroli ikidondoka inaitiririsha.

Liache siku saba.

Hatua ya 5: vibanio

Tupa ule mkanda wa felti wa zamani, unanyonya maji na kuyashikilia kwenye bati. Weka raba ya milimita 3, na uikatishe kidogo pale chini kabisa ili maji yapate njia. Tyubu ya tairi haifai, petroli huifanya kamasi. Kaza hadi tangi lisicheze, kisha kaza tena baada ya wiki, raba ikishalala.

Hatua ya 6: geji na pumzi

Gasketi ya geji iwe ya kork au raba ya petroli; silikoni ya kawaida huvimba na kuachia. Kwa kuwa rangi imezuia umeme, geji haitafanya kazi. Kabla ya kutia mafuta, funga waya kutoka kwenye skrubu ya geji hadi chesisi, kwangua rangi hapo tu, na ufunike kwa grisi. Mita ya umeme, kati ya geji na chesisi, isome chini ya omu 1.

Zibua kabomba ka kupumulia, upulize uone hewa inapita. Kakiziba, gari litakwenda dakika ishirini na kuzima. Ukifungua kifuniko cha tangi unasikia fyuu, halafu linawaka tena. Watu wamebadilisha pampu na kabureta kwa ajili ya tone moja la rangi.

Ukiwa nje, mahali penye upepo, tia lita 5 za petroli, tandaza gazeti chini na uliache hadi kesho. Likibaki kavu, jaza hadi juu na utazame tena mishono ya juu. Filta ibadilishe baada ya kilomita 200.