Spea za laptopu ya zamani: nenda Kariakoo na namba

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi Mabibo, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa hosteli. Wanakuja na laptopu za mtumba: "Mama, kioo kimekufa." "Mama, haishiki chaji." Kuifungua mashine ni jambo dogo. Shughuli ipo kwenye kupata spea inayoingia. Ukifika Kariakoo ukasema "nataka betri ya HP", utauziwa betri ya HP kweli, ila siyo ya kwako, na risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo fungua kwanza, ndipo ukanunue. Chomoa chaja, toa betri, soma karatasi iliyobandikwa kwenye kifaa kilichoharibika. Lenovo huandika FRU, na namba inafuata. Dell tafuta DP/N. HP ni namba iliyo jirani na neno SPARE, mara nyingi inaishia na -001. Piga picha. Muuzaji akikwambia "hiyo hiyo tu, dada yangu", mwonyeshe picha mlinganishe herufi kwa herufi. Kampuni hizo tatu pia zimeweka mtandaoni, bure, vitabu vya ufundi vya mashine zao za ofisini, vinavyoonyesha skrubu ipi itoke kabla ya ipi. Pakua kwenye simu kabla hujashika bisibisi.

Betri ndiyo inayoliza watu. Seli za lithiamu huchoka hata zikikaa kwenye boksi, kwa hiyo "orijino mpya" ya mashine ya 2012 inaweza kuwa imezeeka rafuni. Mimi naangalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya jina la kampuni. Ila kuna mtego: ThinkPad T430 (laptopu ya ofisini ya Lenovo) na wenzake wa mwaka huo huikagua betri, na isiyo ya kampuni wanaikataa kuichaji. T480 ya 2018 ina betri mbili, ndogo ya ndani na nyingine ya nje unayoichomoa kwa kidole. Hiyo ya nje ipo ya Wh 24, 48 na 72 (Wh ni kipimo cha umeme betri inaobeba), na zote zinaingia. Kwa jinsi umeme unavyokatika, nunua kubwa. Kabla ya kuifungua T480, ingia BIOS (menyu ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), sehemu ya Config kisha Power, uizime betri ya ndani, maana hata ukitoa ya nje bodi bado ina umeme.

Kioo nacho kina lugha yake. Nyuma kuna namba kama B140, N140 au LP140. Hiyo 140 ni inchi 14.0, na 156 ni inchi 15.6. Kisha tazama plagi. T420 na T430 zinatumia waya wa pini 40, T440 ikahamia pini 30, na hakuna namna ya kulazimisha. Angalia pia masikio ya kufungia skrubu yapo ubavuni au juu na chini. Ukiwa umekilaza kioo juu ya kibodi, utaona plagi imefunikwa utepe wa plastiki wenye gundi, na nyingine zina kiwaya cha chuma kinachoibana. Bandua taratibu, nyanyua kiwaya, vuta plagi ikiwa imelala, usiipinde. Betri iwe imeshatoka. Ukichomeka kioo huku umeme upo, fyuzi ya taa ya kioo inaweza kuungua kwenye bodi, na hapo kazi ya nusu saa inahamia kwa fundi mwenye hadubini.

Chaja: volti ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi. HP za ofisini zilibadili ncha nene ikawa nyembamba ya buluu, usibahatishe kwa macho. Dell ina kipini katikati; kikikatika mashine itawaka lakini betri haitajaa, na watu wanakwenda kununua betri bure.

Saa ikirudi nyuma kila ukizima, ni kibetri cha CR2032 tu.

Kama bado hujanunua mashine, uliza jambo moja: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye bodi au ipo kwenye sloti? MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012 isiyo ya Retina (kioo chenye picha kali zaidi) inafunguka vizuri. Ya Retina ya mwaka huo huo RAM imechomelewa na betri imegandishwa kwa gundi. ThinkPad X1 Carbon inapendeza mkononi, lakini RAM yake ndiyo hiyo hiyo mpaka ife. Kwa mwanafunzi naona T480 haina mpinzani: RAM sloti mbili za DDR4, na nyingi zina prosesa ya kizazi cha nane inayokubaliwa na Windows 11. Hilo lina uzito, kwa sababu Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. T430 yako iwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Spea ikikosekana kabisa, tafuta mashine ya kuchinja: modeli ile ile, bodi imekufa, kioo kizima. Kabla ya kulipa, omba wakuwashie kioo chake kwenye bodi nyingine, ubonyeze kila kitufe cha kibodi, na bawaba uzifungue na kuzifunga mwenyewe.